Chai ya Kupunguza Unene: Ni Kitu Gani Kinachopungua?

Ni nadra siku hizi kukaa ndani ya basi katika vituo vya Kampala bila kumsikia mchuuzi akiinadi chai ya majani ya kupunguza unene. Zamani kitambi kilihesabiwa kuwa dalili ya neema. Leo hao hao waliojivunia vitambi vyao huambiwa na madaktari kuwa shinikizo la damu limepanda na sukari imezidi. Hutoka hospitalini wakiwa na hofu, na mwenye hofu ni mnunuzi mwepesi. Kwa sababu hiyo tumeona yafaa kuichunguza chai hiyo.

Chai nyingi za namna hiyo hutiwa sanamaki. Wazee wetu wanaijua: ni dawa ya kufungua choo, nayo haina lawama ikitumiwa kwa siku chache. Lakini haiyeyushi shahamu. Chakula tulacho huingia mwilini kupitia utumbo mwembamba, ilhali sanamaki hufanya kazi katika utumbo mpana, wakati wanga na mafuta yamekwisha kuingia katika damu. Kinachotoka ni maji na kinyesi. Mtu akipanda mizani asubuhi hujiona amepungua, naye hufurahi. Akinywa maji mchana, uzito ule hurudi.

Anayeendelea kuinywa kwa miezi hupoteza potasiamu, madini ambayo moyo huyahitaji ili upige sawasawa. Tena, wagonjwa wengi wa shinikizo la damu hupewa vidonge vya kukojosha, na baadhi ya vidonge hivyo navyo huondoa potasiamu. Basi yule aliyeikimbilia chai kwa kuuhofia moyo wake ndiye anayeuhatarisha zaidi.

Liko jambo baya kuliko hilo. Wakaguzi wa dawa katika nchi mbalimbali wamepima vidonge vilivyouzwa kwa jina la dawa za asili, wakakuta ndani yake sibutramini, dawa ya viwandani iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa kuwa ilizidisha hatari ya mshtuko wa moyo na kiharusi. Neno "asili" juu ya pakiti halimlindi mtu.

Je, tangawizi, ndimu na siki? Kwa kiasi cha jikoni hazina madhara kwa watu wengi, ila nguvu zake za kupunguza unene ni haba. Faida ya chai ya tangawizi isiyo na sukari ni kwamba aliyeinywa hakunywa soda. Chupa ya soda ya mililita 300 huwa na sukari gramu 30 hivi, yaani kama vijiko saba vya chai.

Hapo ndipo tunapofika mezani. Matoke yaliyopikwa kwa mvuke ndani ya majani ya mgomba hayana tone la mafuta, na hatuoni sababu ya kuyashutumu. Lakini tazama sahani ya mkahawani: matoke, wali, ugali na viazi vitamu, vyote pamoja, na maharagwe kijiko kimoja pembeni. Hizo ni wanga nne zikigombea tumbo moja! Achague mlaji moja au mbili, kisha maharagwe na mboga za majani, dodo au nakati, vijaze nusu ya sahani. Mchuzi wa karanga ni mtamu, lakini gramu moja ya mafuta ina kalori tisa, na ya wanga ina nne. Vivyo hivyo chapati iliyokaangwa na kuviringishiwa mayai.

Mwaka 2019 watafiti wa Marekani waliwalisha watu 20 vyakula vya viwandani kwa wiki mbili, na vyakula vya kawaida kwa wiki mbili nyingine, kila mmoja akila mpaka ashibe. Walipokula vya viwandani, walizidisha kalori 500 hivi kwa siku, wakaongezeka karibu kilo moja.

Anayepunguza nusu kilo kwa wiki anakwenda vizuri, hata kama jirani anajisifu kupunguza tano. Na anayetumia insulini au vidonge vya kisukari asikate chakula kabla ya kumwona daktari, maana sukari yake yaweza kushuka ghafla.