Gari jipya mlangoni pa kiwanda

Kwa miaka mingi, Mmarekani aliyetaka gari la BMW aliweza kulilipia kwa muuzaji wa nyumbani kwao, tena kwa bei iliyopunguzwa, kisha akasafiri hadi Munich, kusini mwa Ujerumani, kulipokea mwenyewe. Tangu mwaka 2007 makabidhiano yalifanyika BMW Welt, jengo lililo jirani na kiwanda. Gari lilitolewa likiwa na namba za usajili za muda pamoja na bima, hivyo mgeni alizuru Ulaya bila kukodi gari. Nafuu hiyo si haba. Ugumu ulikuja mwishoni: ilimbidi alikabidhi kwa wasafirishaji, arejee kwa ndege mikono mitupu, na alisubiri kwa wiki kadhaa livushwe Atlantiki kwa meli. Mpango huo ulisitishwa mwaka 2020.