Saa Imeunganika, Sukari Haijapimwa

Muuzaji wa spika Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, hana muda wa kupoteza. Mteja anataka kuisikia sabufa kabla hajatoa pesa. Muuzaji anaiwasha, ile sauti ya kike yenye Kiingereza cha kiwandani inatangaza kuwa kifaa kiko tayari, anafungua simu na orodha inajaa kioo chote: majina manne yanayofanana herufi kwa herufi, saa mbili, hedifoni kadhaa na mistari ya tarakimu isiyo na jina. Anagusa la kwanza. Muziki unalia duka la pili.

“Kaka, zima hiyo yako kwanza, inaninyang’anya!”

“Siyo yangu, bosi. Hiyo ya dada hapo nje.”

Vichekesho vya namna hii havikosekani kwenye mitaa inayozunguka Msimbazi, na chanzo chake ni namna vifaa visivyo na waya vinavyotafutana. Namna hiyohiyo ndiyo inayomfanya mtu aiamini saa ya mkononi kuliko kipimo cha zahanati, na hapo hakuna cha kuchekesha. Kwa hiyo tuanze na mawimbi, tumalizie na sukari.

Bluetooth hutumia mawimbi ya redio ya gigahezi 2.4, masafa ambayo karibu dunia nzima mtumiaji wa kawaida hayalipii leseni. Cha bure hakikosi watu. Wi-Fi ya ofisi ya ghorofani imo humo, maikrowevu ya mgahawani huvujisha kidogo humohumo, vivyo hivyo kipanya kisicho na waya cha kwenye kompyuta ya duka la jumla. Ili kupita katika msongamano huo, vifaa vilivyokwisha kuunganika kwa Bluetooth ya kawaida huhama chaneli mara 1,600 kwa sekunde, katika chaneli 79, kwa mfuatano wanaoujua wao tu. Tangu toleo la 1.2 lililotoka 2003, vimejifunza pia kukwepa chaneli zilizokwishashikwa na Wi-Fi.

Swali linakuja hapa: kama kila kifaa kinarukaruka, wawili wasiojuana watakutana wapi?

Wahandisi walitenga chaneli 32 kwa ajili ya wito. Simu inayotafuta huita kwenye chaneli hizo kwa haraka sana, ikibadilisha mara 3,200 kwa sekunde. Spika iliyo tayari kuonekana haisikilizi muda wote, maana ingemaliza betri. Kwa kawaida husikiliza kwa milisekunde 11 hivi katika kila sekunde moja na robo, kisha hunyamaza. Ikibahatika kuudaka wito, hujibu. Kisha hungoja kidogo, kwa muda wa kubahatisha, kabla ya kujibu tena. Kungoja huko ni kwa makusudi, kwa sababu spika kumi zikidaka wito mmoja na zote zikaendelea kujibu kwa pamoja, majibu yatagongana kila mara na simu haitaambulia kitu. Utafutaji kamili umewekewa nafasi ya sekunde 10.24, na katika sekunde hizo kifaa kilicho mbele ya pua yako kinaweza kuchelewa huku cha duka la tatu kikiwa kimeshajitokeza. Aliye juu kwenye orodha amebahatika tu, si lazima awe ndiye aliye karibu.

Jibu la spika hubeba anwani yake, yaani namba ya biti 48 ambayo nusu yake ya kwanza hutolewa kwa kiwanda, pamoja na maelezo mafupi ya aina ya kifaa. Jina mara nyingi huulizwa baadaye, ndiyo maana unaona tarakimu kwanza, kisha jina linatokea. Na jina hilo halina mlinzi. Ingia kwenye mipangilio ya simu yako sasa hivi, iite Printa ya Mhasibu, na kila atakayetafuta karibu nawe ataiona Printa ya Mhasibu. Hakuna ofisi ya kumuuliza mtu kitambulisho.

Mwaka 2010 lilikuja toleo la 4.0 na Bluetooth ya pili ndani yake, inayotumia umeme kidogo sana. Hiyo ndiyo iliyomo kwenye saa janja, bangili za mazoezi na vipimo vingi vya afya. Humo kazi imegeuzwa. Kifaa kidogo ndicho kinachojitangaza, na simu ndiyo inayosikiliza. Ni kama machinga wa Mtaa wa Kongo aliyerekodi bei kwenye kipaza sauti: tangazo linajirudia bila kuchoka, na mpita njia akilisikia kwa nukta moja tu ameshajua kinachouzwa. Tangazo la kawaida lina nafasi ya baiti 31 tu, na hupelekwa kwenye chaneli tatu zilizochaguliwa kwa akili: zimekaa mahali ambapo chaneli zinazotumika zaidi za Wi-Fi, yaani ya 1, ya 6 na ya 11, hazifiki. Kwa kuwa kifaa hulala kati ya tangazo na tangazo, betri ndogo ya mviringo kama ya saa huweza kukaa miezi mingi, hata miaka.

Watu wenyewe pia ni kizuizi. Mwili wa binadamu una maji mengi, na hunyonya sana mawimbi ya masafa haya. Weka simu mfuko wa nyuma, vaa hedifoni, kisha pita katikati ya umati jioni watu wakiwahi mwendokasi Gerezani: muziki utakatika na kurudi, kila mtu anayepita akimeza sehemu yake. Tatizo hilo liliwasumbua wataalamu mwaka 2020, Singapore ilipotoa programu ya TraceTogether, na baadaye Apple na Google walipoungana, ili simu zikumbuke nani alikaa karibu na nani wakati wa Uviko-19. Simu ilikadiria umbali kwa nguvu ya mawimbi. Lakini simu iliyo mita moja nyuma ya mgongo wa mtu huweza kuonekana iko mbali kuliko ya mita tano iliyo wazi.

Vikishapatana, vifaa huunda mtandao mdogo. Kwenye Bluetooth ya kawaida mmoja huwa kiongozi, kwa kawaida simu, na huweza kuwa na wafuasi saba walio hai kwa wakati mmoja. Kwa nini saba? Anwani ya ndani ya mtandao huo ilipewa biti tatu, zinazotoa namba nane, na sifuri ikawekwa kwa ajili ya matangazo ya wote. Muda hukatwa vipande vya mikrosekunde 625. Kiongozi anasema, aliyeulizwa anajibu, wengine kimya. Saa, hedifoni na redio ya gari hukaa na simu moja bila kugombana kwa sababu hakuna anayesema bila kuulizwa.

Waliokuwa na simu za Nokia enzi za “nirushie kwa bluetooth” wanakumbuka wimbo wa megabaiti 4 ukichukua karibu dakika nzima, simu mbili zimegusanishwa juu ya meza kana kwamba kugusana kunasaidia. Siku hizi filamu nzima hupita kwa Xender, na hiyo ni Wi-Fi. Katika simu nyingi mpya Bluetooth hufanya kazi ya kutambulisha tu, mzigo wenyewe unabebwa na Wi-Fi.

Enzi hizohizo ndipo kilipopatikana kirusi cha Cabir, Juni 2004, kilichohama kutoka simu hadi simu kwa Bluetooth kwenye Nokia za jamii ya Series 60. Hakikuvunja mlango wowote. Kiliomba ruhusa, mwenye simu akakataa, kikaomba tena, na tena, mpaka mtu akabonyeza ndiyo ili apumzike. Betri nayo iliisha upesi, kwa kuwa simu yenye kirusi ilikuwa ikitafuta majirani bila kukoma. Kwa maoni yangu hilo ni somo kubwa kuliko maonyo yote ya kitaalamu: udhaifu ulikuwa kwenye kidole cha aliyechoka kuulizwa.

Tangu toleo la 2.1 la mwaka 2007, namba za siri za 0000 na 1234 zilianza kuachwa. Simu mbili sasa hukokotoa na kuonyesha tarakimu sita, na kazi yako ni kuangalia kama zinafanana pande zote mbili. Wengi tunabonyeza bila kusoma. Hedifoni na spika hazina kioo, kwa hiyo huunganika bila ukaguzi wowote, na ufunguo wa siri hubaki kwenye kumbukumbu za pande zote mbili. Ndiyo sababu hedifoni iliyojaribiwa dukani huweza kurukia simu ya muuzaji kila ukipita pale. Mwambie aifute kwenye simu yake kabla hujaondoka, nawe ukiuza simu ya zamani futa vifaa vyote ulivyowahi kuoanisha.

Sasa afya.

Kuna hofu kwamba hedifoni za Bluetooth zinachoma ubongo. Mawimbi haya hayana nguvu ya kuvunja chembe za mwili kama miale ya eksirei. Ni kweli kwamba mwaka 2011 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa, IARC, liliweka mawimbi ya redio kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani, kwa ushahidi hafifu, na mjadala ulihusu hasa simu inayoshikwa sikioni. Hedifoni ya kawaida hutoa takriban miliwati 2.5 au pungufu, wakati simu ya GSM ikihangaika kutafuta mnara huweza kufika wati 2 kwenye kilele. Kinachoumiza sikio ni sauti. Shirika la Afya Duniani linataja desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki kuwa kikomo, na ukipanda hadi desibeli 90 kikomo hicho kinashuka hadi saa 4. Anayepandisha muziki ili azibe honi na vipaza sauti vya Kariakoo anazimaliza saa hizo upesi.

Mwenye betri ya moyo, na wapo kadhaa waliowekewa pale Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, ana jambo lake la ziada: visanduku vya hedifoni huwa na sumaku. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilishauri mwaka 2021 vifaa vyenye sumaku kali vikae angalau sentimita 15 kutoka kwenye betri hiyo. Mfuko wa shati wa kushoto haufai.

Lakini kinachonisumbua zaidi ni zile saa zinazouzwa kwa maneno kwamba zinapima presha, moyo na sukari bila kutoboa. Mteja anaiwasha, programu inaiona mara moja, inaunganika, mstari wa kijani unacheza, kisha namba inatokea: sukari 5.6. Nani atabisha? Imeunganika.

Bluetooth ina orodha rasmi ya namba za huduma. Kifaa kinachopima mapigo ya moyo hujitaja kwa 180D, cha presha kwa 1810, cha sukari kwa 1808. Namba hizo huiambia simu ni taarifa ya aina gani inakuja, ili ijue pa kuiandika. Hazisemi imepimwaje, wala kama imepimwa kabisa. Programu ikiandikwa itoe namba za kubuni zilizo ndani ya kiwango cha kawaida, Bluetooth itazifikisha salama, zimefungwa kwa siri, bila kupotea hata tarakimu moja.

Mapigo ya moyo saa inaweza kuyakadiria, kwa kuwa mwanga wa kijani chini yake huona damu ikiongezeka na kupungua kwenye ngozi. Sukari ni habari nyingine. Tarehe 21 Februari 2024 FDA ilitoa onyo kwamba haijaidhinisha saa janja wala pete yoyote inayopima sukari yenyewe bila kutoboa ngozi. Vipo vipimo vya kweli vinavyobandikwa mwilini, kama FreeStyle Libre na Dexcom, lakini hivyo vina uzi mwembamba unaoingia chini ya ngozi. Saa ikionyesha namba kutoka kwenye kipimo cha namna hiyo, yenyewe ni kioo tu.

Hapa kwetu TCRA hushughulika na upande wa mawasiliano, na wafanyabiashara wa Kariakoo hawajasahau Juni 2016 ilipozima simu bandia kwa kutumia namba za IMEI. Vifaa tiba viko chini ya TMDA. Kifaa kilichokubalika kama redio hakijawa kifaa tiba kwa sababu hiyo, kwa hiyo unaponunua muulize muuzaji kuhusu TMDA, na akikuonyesha kwamba “inakonekti vizuri”, ujue bado hajakujibu.

Mwenye kisukari asiongeze wala kupunguza insulini au vidonge kwa namba ya saa. Kama imekuonyesha namba ya kukutisha, au namba nzuri wakati mwenyewe unatetemeka na kutoka jasho, nenda zahanati ya karibu ukatobolewe kidole.