UBAO WA TEZI UKIOZA NDANI YA FAIBA

Katika pwani ya Kenya ziko boti nyingi za faiba ambazo mashine yake hufungwa nyuma, kwenye tezi. Mwenye boti huitazama tezi hiyo, akaiona ngumu na yenye kung'aa, akadhani kuwa ni faiba tupu. Lakini katika boti nyingi za zamani mna plaiwudi iliyofunikwa kwa faiba pande zote mbili. Ubao huo ndio unaobeba uzito na msukumo wa mashine. Ukioza, mashine yaweza kung'oka baharini na watu wakahiliki.

Adui wa ubao huo ni maji yapitayo katika matundu ya skrubu na bolti yasiyozibwa vema. Ili kuupima, gonga tezi kwa nyundo ndogo. Ubao mzima hulia kwa sauti kali. Uliooza hutoa sauti nzito. Kisha inua mguu wa mashine na kuukandamiza taratibu. Tezi ikicheza, usiende baharini.

Matengenezo yake ni haya. Weka boti juu ya magogo yaliyo sawa, isipindike, na uondoe mashine. Kata faiba ya upande wa ndani, ukiacha ukingo wa sentimeta 5 hivi, uchimbe ubao wote uliooza. Paache pakauke kabisa, kwani gundi haishiki penye unyevu, kisha pakwaruze kwa msasa.

Kata plaiwudi ya vyombo vya bahari kwa kufuata kiolezo cha karatasi ngumu. Unene wake uwe sawa na ule wa kwanza. Mara nyingi huwa ni mbao mbili za milimita 18 zilizogandishwa pamoja. Ipake epoksi kote, hasa kingoni, na kuibana mpaka ishike. Mwisho ifunike kwa tabaka kadhaa za kitambaa cha faiba, zipite pembeni hadi ubavuni, ili nguvu ya mashine ienee.

Vumbi la faiba hudhuru mapafu, na epoksi hudhuru ngozi. Basi vaa barakoa, miwani na glavu, ufanye kazi penye hewa.

Wakati wa kurudisha mashine, toboa kila tundu kwa keekee kubwa kuliko bolti, lijaze epoksi, likauke, ndipo utoboe tena kwa kipimo cha bolti. Asiyefanya hivyo ameyafungulia maji mlango ule ule, na ubao mpya utaoza kama wa kwanza.