Kuku Mzima, Vifaranga Wagonjwa

Katika miji na vijiji vyetu kuku ni akiba ya jamaa. Mtoto akidaiwa karo ya shule, au mgeni akipiga hodi, kuku ndiye anayetuondolea aibu. Basi vifaranga wakifa mmoja baada ya mwingine, hatupotezi ndege tu. Twapoteza na madaftari ya watoto wetu.

Msiba huo huwapata hasa vifaranga wenye majuma 3 hadi 6. Kifaranga hujikunyata, hushusha mabawa, hukataa chakula, na mavi yake huwa na damu. Mwenye nyumba akitazama kuku wakubwa, awaona wazima, wanataga. Ndipo aanzapo kumshuku jirani: “Huyu ameniloga.” Sivyo, ndugu! Ugonjwa huu ni kuhara damu, na waganga wa mifugo huuita koksidiosi.

Waletwa na vijidudu viitwavyo Eimeria, vidogo hata jicho haliwezi kuviona. Vyaharibu matumbo ya kuku, na mbegu zake hutoka pamoja na mavi. Mbegu hizo zikipata joto na unyevu, kwa siku 1 au 2 huwa tayari kuambukiza. Kifaranga akidonoa chini, azimeza.

Na kuku mkubwa? Aliugua kidogo utotoni, akapona, na mwili wake ukajifunza kujikinga. Hata hivyo aweza kuzimwaga mbegu hizo pasipo kuonyesha dalili yoyote. Kumbe adui tuliyemtafuta kwa jirani alikuwa bandani mwetu!

Tufanyeje? Dawa ni amproliumu, inayotiwa katika maji ya kunywa: miligramu 240 za dawa yenyewe kwa lita 1 ya maji, muda wa siku 3 hadi 5, halafu miligramu 60 kwa lita, juma 1 au 2. Nguvu ya pakiti hazilingani, kwa hiyo tusome maandishi yake au tumwulize mganga wa mifugo. Tuwape kuku wote, wakubwa kwa wadogo, wala wasipate maji mengine. Siku hizo tusiwape vitamini B1, kwani dawa hushinda kijidudu kwa kukinyima vitamini hiyo. Dawa za sulfa tusiwape kuku wanaotaga. Hubaki ndani ya mayai tunayokula.

Lakini dawa bila ufagio ni kazi bure. Tuondoe mavi kila asubuhi, kabla mbegu hazijakomaa. Tutupe matandiko yaliyolowa, tuinue chombo cha maji kisichafuliwe. Dawa za kawaida za kusafishia haziziui mbegu hizo. Maji yanayochemka huziua, na ukavu huzidhoofisha. Vifaranga na mama yao wakae peke yao mahali pakavu, nasi tuwahudumie wao kwanza, ndipo twende kwa kuku wakubwa, maana miguu yetu pia hubeba ugonjwa.

Wakubwa nao wakianza kufa, tusikawie kumwita mganga wa mifugo: huenda ni ugonjwa mwingine.

Basi, wazazi na wanafunzi, kabla ya kumshtaki jirani, tushike ufagio.