Je, Wajua? Majirani wa Massachusetts hawapigi kura kama Massachusetts

Wengi hudhani kusini mwa New Hampshire, jimbo dogo la Marekani lenye kura 4 tu za wajumbe wanaomchagua rais, huelemea chama cha Democratic kwa kuwa wahamiaji wake hutoka jimbo jirani la Massachusetts, ngome ya chama hicho. Sivyo. Salem, mji wa mpakani kabisa, huwapa kura wagombea wa chama cha Republican. Baadhi ya waliohamia walivutwa na jimbo lisilotoza kodi ya mishahara. Ngome za Democratic ziko zaidi magharibi, Hanover na Keene, upande wa Vermont. Je, kaskazini ndiko kunakoamua? Kaunti ya Coos, ya kaskazini, ilimchagua Obama wa Democratic 2012, ikamgeukia Trump wa Republican 2016, lakini wakazi wake ni takriban 31,000. Hillsborough na Rockingham, za kusini, zina zaidi ya nusu ya watu wote, hivyo zina uzito mkubwa zaidi, hasa matokeo yanapokaribiana: mwaka 2016 Clinton wa Democratic alilichukua jimbo kwa tofauti ya kura 2,736 tu.