Bei ya Mafuta na Viwanda vya Magari: Fundisho la Detroit

Kila bei ya mafuta inapopanda, wakubwa wa viwanda vya magari vya Marekani hulalamika kwamba wamepigwa na adui kutoka nje. Maelezo hayo ni ya juujuu. Bei ya mafuta hupanda kwa watengenezaji wa magari wote duniani, lakini si wote wanaoanguka. Kwa hiyo, ndugu wasomaji, hatuna budi kuuliza: ni kitu gani ndani ya viwanda vya Detroit kilichoigeuza bei hiyo kuwa maafa?

Tuanze na historia. Oktoba 1973 nchi za Kiarabu ziliacha kuiuzia Marekani mafuta, na mwanzoni mwa 1974 bei ya pipa ilikuwa imepanda kutoka dola 3 hivi hadi karibu dola 12. Mwaka 1975 ikatungwa sheria iliyozitaka kampuni zifikie, ifikapo 1985, wastani wa maili 27.5 kwa galoni kwa magari ya abiria, yaani kilomita zipatazo 11.7 kwa lita. Lakini pikapu ziliwekewa kiwango chepesi zaidi. Tena, tangu 1964, pikapu zitokazo nje zilikuwa zikitozwa ushuru wa asilimia 25.

Hapo ndipo ulipo mzizi wa mambo. Mtaji hukimbilia penye faida kubwa. Katika magari madogo kulikuwa na ushindani mkali wa Wajapani. Katika pikapu kulikuwa na ukuta wa ushuru. Mafuta yalipokuwa rahisi katika miaka ya 1990, GM, Ford na Chrysler zilijenga magari makubwa ya familia juu ya chasisi za pikapu, zikavuna faida nono. Gari dogo likawa mtoto wa kambo.

Julai 2008 pipa lilifika dola 147, na petroli ikapita dola 4 kwa galoni. Wanunuzi wakayakimbia magari makubwa, na msukosuko wa mabenki ukamaliza kazi. Chrysler ilikimbilia mahakama ya kufilisika tarehe 30 Aprili 2009, GM tarehe 1 Juni.

Je, viwanda vya namna hiyo vinaweza kujirekebisha? Vinaweza, na njia zinajulikana.

Kwanza, chasisi moja izae magari mengi. Chrysler, iliyokuwa taabani mwaka 1980, ilipewa dhamana ya serikali ya mikopo ya hadi dola bilioni 1.5. Ikaunda gari jepesi linaloendeshwa na magurudumu ya mbele, na kutokana na msingi huo ikatoa aina nyingine nyingi. Mwaka 1983 mikopo hiyo ilikuwa imelipwa.

Pili, kiwanda kiweze kubadili kazi. Ford ilikigeuza kiwanda chake cha Wayne, Michigan, kutoka kutengeneza magari makubwa hadi kutengeneza Focus, gari dogo.

Tatu, fedha zitafutwe kabla ya dhiki. Mwishoni mwa 2006 Ford iliweka rehani mali zake na kukopa zaidi ya dola bilioni 23. Wakopeshaji walipofunga milango mwaka 2008, Ford ilikuwa na cha kuishikilia, na haikufilisika.

Lakini tusiishie hapo. Tuulize mzigo wa marekebisho ulibebwa na nani. Mwaka 1980 wafanyakazi wa Chrysler walikubali kupunguziwa maslahi, ila rais wa chama chao, Douglas Fraser, aliingia katika bodi ya kampuni. Mkataba wa 2007 ulikuwa mwingine: wafanyakazi wapya wengi wangelipwa karibu nusu ya ujira wa wenzao kwa kazi ileile. Desemba 2008 GM ilikifunga kiwanda chake cha Moraine, Ohio. Serikali ikachukua asilimia 60 hivi ya hisa za GM mpya. Ilipomaliza kuziuza, Desemba 2013, hazina ya umma ilikuwa imepoteza kiasi cha dola bilioni 11.

Na fundisho lenyewe halikudumu. Bei ya mafuta iliporomoka kuanzia 2014. Mei 2018 kiwanda cha Wayne kiliacha kutengeneza Focus, na mwaka huohuo kikaanza kutengeneza pikapu aina ya Ranger.

Mkinzano wenyewe ni huu: kubuni gari na kutayarisha mitambo yake huchukua miaka, bali bei ya petroli hubadilika kwa wiki. Anayepanga uzalishaji kwa kutazama bei ya leo atachelewa daima. Kujirekebisha kwa kweli hufanywa mafuta yakiwa rahisi, wakati faida ya haraka inashawishi kinyume chake. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na Detroit matofali yalibebwa na watu ambao hawakuulizwa gari lipi litengenezwe.

Vikundi vya kujisomea vijadili: katika kiwanda mnachokifahamu, nani huamua kitengenezwe nini, na nani hulipa uamuzi huo unapokosewa?