Kwa Nini Sikuweka Nukta ya Bwera

Mwezi uliopita binti yangu Masika, mwenye miaka 16, alileta kazi ya shule ambayo bado inaniudhi. Mwalimu wake hapa Toronto aliwaonyesha ramani ya intaneti ya kumbukumbu za mashoga na wasagaji iitwayo Queering the Map, akataka wenye asili ya nje wawaombe wazazi waongeze nukta za kwao. Nilikataa kuweka ya kwetu Bwera, mpakani mwa Uganda na Kongo. Masika akalia, akasema mama yake anachukia mashoga. Basi nieleze.

Ramani hiyo ilianzishwa Montreal mwaka 2017 na Lucas LaRochelle. Unagusa mahali, unaandika kilichokupata pale bila kutaja jina: busu la kwanza, kuachwa, siku uliyomwambia baba ukweli. Mwaka 2018 ilimwagiwa ujumbe mwingi wa kumsifu Trump, ikafungwa kwa muda. Siku hizi maandiko hukaguliwa kwanza. Watu wa hapa wanapenda kila jambo liwe na anwani. Mtaa wa Church, kitovu cha mashoga hapa Toronto, umepakwa upinde wa mvua mpaka kwenye kivuko cha waenda kwa miguu, na jumba la mikutano linaitwa 519, namba ya mlango wake tu. Lakini tarehe 5 Februari 1981 polisi wa jiji hilihili walivamia nyumba za kuogea walikokutana mashoga, wakakamata wanaume karibu 300. Hawakuhangaika kuzitafuta, zilijulikana. Mwalimu hakuwasimulia hilo.

Sisi wa Bwera ramani yetu ilikaa kichwani. Nilikua na rafiki, kuchu, yaani shoga, mwanakwaya. Alijua apite wapi Kasese jioni, nani amsalimie kwa mbali, na siku gani avuke mpaka pale Lhubiriha kwenda Kasindi, upande wa Kongo, na mzigo kama mchuuzi yeyote. Zaidi ya hapo sisemi. Mwaka 2005, Canada ikihalalisha ndoa za jinsia moja, askofu wetu wa Kianglikana wa South Rwenzori, Jackson Nzerebende Tembo, alikataa msaada wa zaidi ya dola 350,000 kutoka dayosisi ya Central Pennsylvania, Marekani, kwa kuwa iliunga mkono kuwekwa wakfu kwa Gene Robinson, askofu shoga. Rafiki yangu aliendelea kuimba.

Sheria ya Uganda ya 2023 dhidi ya ushoga inatoa kifungo cha maisha, na hadi miaka 20 kwa anayehesabiwa kuhamasisha ushoga. Aprili 2024 Mahakama ya Katiba ilifuta vifungu vichache, sheria ikabaki. Toronto nukta haina mwenyewe. Bwera ukiandika "tulikaa nyuma ya duka lile", kabla ya jioni mhusika ameshatajwa jina, na la mama yake.

Nilimweleza Masika hayo tukimenya viazi, mdogo wake Biira akichora ramani ya nyumba yetu na kuweka nyota kila mahali alipowahi kuanguka. Masika alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza kama rafiki yangu yu hai. Nikamwambia ndiyo. Akamsaidia Biira kupaka rangi.

Jana ameniambia ameweka nukta yake mwenyewe, hapa Toronto. Hakusema ni wapi, nami sikumuuliza.